Mikeka ya Ukilini

Hadithi hii siwapi, nawaazima. Mkishaisikiliza mtanirudishia, na mkinirudishia pungufu tutaulizana.

Iko nchi inaitwa Ukilini. Njia ya kufika kule msiniulize, ina milima na ina mahali pa kuvuka maji, na mimi nikianza kueleza njia tutasinzia hatujafika. Tuseme tumefika. Waliofika ni wasichana wawili, Mize na Shani, watoto wa mtu na dada yake. Wamelelewa nyumba moja, wamekula sinia moja, na tangu wajue kujifunga kanga wamegawana doti moja, huyu kipande hiki, huyu kile. Mize alikuwa anajua kuoka. Mikate ya mofa aliyooka yeye, ukiipasua, mvuke unakuja wenyewe kukusalimia. Shani hakujua kuoka, ila alikuwa anajua watu. Anaingia mahali hamjui mtu, anatoka kashaitwa mwanangu. Basi kila mmoja na alichopewa.

Walikwenda kutafuta maisha, na Mize alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alikuwa amesikia kwamba katika soko la Ukilini lipo tanuri kubwa la udongo, la mji, na aliyekuwa akilitumia amezeeka, anataka kulirudisha. Akasema, lile litakuwa langu.

Walichokuta kwanza ni kwamba watu wote wa nchi ile wanatembea na mkeka kwapani. Anayekwenda sokoni, anayekwenda kuzika, bwana harusi, mwizi, wote. Mwingine mkeka wake mdogo kama kitambaa cha kufutia mikono, mwingine mrefu mpaka unabebwa na watu wawili. Na kiti hakuna. Nchi nzima hamna kiti, hamna benchi, hamna kigoda. Ukitaka kukaa, unakaa juu ya mkeka wako, na asiye na mkeka anasimama. Wale wasichana wakasimama. Walikula wamesimama, waliongea na watu wamesimama. Shani alishikwa na homa, wakaenda kwa mganga, na mganga akamtibu wima kama mhindi shambani.

Sasa mkeka wenyewe hauuzwi. Unakua. Mnajua mkeka unavyofanywa: unasuka ukili, ule mkanda mwembamba mrefu wa miyaa, majani ya kusukia, halafu unashona kili hizo, ukili kwa ukili, mpaka upatikane upana. Kule Ukilini ukili unapewa na mtu aliyekuazima kitu. Umeazima jembe, umesema utalirudisha Jumanne, Jumanne umelirudisha, basi mwenye jembe anakushonea ukili mmoja mweupe. Ukilirudisha Jumatano anakushonea vilevile, lakini mweusi, uliochovywa tope, na huo hautoki mpaka yapite masika saba. Kwa hiyo mtu wa kule akitaka kujua wewe ni nani hakuulizi jina. Anakwambia tandika. Ukitandika, anakusoma.

Wakapelekwa kwenye nyumba ya serikali, kwa mkubwa mmoja anaitwa Bwana Faki Mpima. Mtu mwembamba, mpole, ana fimbo ya kupimia, hacheki. Akamuuliza Mize kama amewahi kuazima kitu.

"Sijawahi," Mize akasema, na akajivuta kidogo kwa fahari. "Mama alinifunza nisiazime cha mtu."

"Pole sana," Bwana Faki akasema, kama aliyepewa habari ya msiba.

Akamweleza kwa upole kwamba mtu ambaye hajaazima hajulikani. Mwenye mkeka mweusi anajulikana, ni mchelewaji, watu wanajihadhari naye na maisha yanaendelea. Lakini asiye na mkeka ni nani? Akatoa mfano wa mzee mmoja wa pale pale, Mzee Ngwali, ambaye tangu azaliwe alilima kwa jembe lake, akapika kwa chungu chake, hakumgongea mtu mlango. Baraza lilikaa siku tatu kujadili kama Mzee Ngwali yupo. Wengine walisema yupo, wanamwona. Wengine wakasema kuonekana si hoja, hata kivuli kinaonekana. Wakapiga kura. Walioshikilia kwamba yupo wakawa saba, waliosema hayupo wakawa tisa, akaondolewa kwenye zamu ya maji ya kisima. Akaenda barazani kulalamika, akaambiwa anayesema barazani husema akiwa amekaa. Akarudi kwake. Mimi jambo hili kila nikilifikiria naona lina kasoro mahali, lakini wao walilieleza vizuri sana.

Mize akauliza, sasa kama hapewi kitu mpaka awe na mkeka, na mkeka haupati mpaka apewe kitu, anaanzia wapi? Bwana Faki akasema swali hilo ni zuri na kwamba wageni wote huliuliza. Akamuuliza ana kitu gani chake mwenyewe. Mize alikuwa na sufuria, aliyopewa na mama yake. Bwana Faki akaipokea, akaiweka kwenye rafu, akafuta mikono. Kisha akaitoa kwenye rafu.

"Tunakuazima sufuria," akasema. "Irudishe Ijumaa kabla ya adhuhuri."

"Lakini hii si ni yangu?"

"Ndiyo. Na wengi hawairudishi. Wanaona ni yao, siku inawapita."

Shani alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye alikuwa na kioo kidogo, wakamwazima kioo chake. Mize akachukua sufuria yake, akapikia wiki nzima kwa adabu kama ya mtu baki, Ijumaa asubuhi akairudisha imesuguliwa mpaka inang'aa. Bwana Faki akaipokea, akaikagua kitako, akamshonea ukili mmoja. Mwembamba kama mkanda. Mize akautandika hapo hapo na kuukalia, nusu ya kalio ndani, nusu nje, na alisema baadaye kwamba hajawahi kukaa vizuri vile.

Shani na yeye akapata wake. Mpaka hapo wako sawa sawa, na mtu akiwa sawa na mwenzake analala vizuri.

Wakapanga kwa mama mmoja mjane, Bi Mwanakheri, mwenye uani mkubwa na mkeka wa kili arobaini. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Sheria ya Ukilini inasema mwenye mkeka mrefu anaweza kumshona mtu mmoja kwenye pindo lake. Ukishonwa pindoni, kili sita za mwisho za mwenye mkeka zinahesabika na zako pia, kana kwamba ulikuwepo siku zote akiazima na kurudisha. Mtu mmoja tu, pindo ni moja. Bi Mwanakheri aliwapenda wote wawili. Mize alikuwa akimfagilia uani na kumwokea mikate kwenye jiko dogo. Shani alikuwa akimpigia hadithi na kumsuka nywele. Siku moja baada ya kusukwa, Bi Mwanakheri akaita mshonaji, akamshona Shani.

Mize alikuwa ameshika ufagio. Aliuona uzi unaingia na kutoka, akahesabu, moja, mbili, tatu, mpaka sita. Kazi ya miezi sita imemfikia mwenzake kwa kusuka nywele. Akampa hongera. Mdomo wake ulisema hongera, lakini kifuani kulikuwa na kitu kimekaa, kile watu wanachokiita kijiba cha roho, na mimi nakwambia jina hilo halikukosewa. Kilikaa pale kama mbegu ya embe uliyoimeza nzima.

Tangu siku ile Shani akawa anakwenda mbio. Wenye vitu wa Ukilini wana tabia moja ya ajabu, wanapenda kumwazima mtu ambaye tayari amebeba. Wakimwona ana kitanda cha mtu, wanamletea na godoro. Wakimwona ana mkokoteni, wanamletea wa pili. Ukili mmoja unaruhusu kitu kimoja, kili kumi zinaruhusu vitu kumi, na Shani alijaza mpaka ukingo. Chumba chake kilikuwa na vioo vitatu, ngazi ya kupigia chokaa, beberu wa kupandisha. Vilikuja, vikarudi, vikaja vingine, na mkeka wake ukazidi kuwa mrefu. Akipita sokoni watu wanamsogezea kivuli.

Mize naye alikuwa akiazima chekecheke, anarudisha. Anaazima upawa, anarudisha. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso alikuwa anachungulia mkeka wa Shani ulioanikwa kambani, anahesabu. Ikiwa umeongezeka, chai inamwia chungu. Alijua idadi ya kili za Shani kuliko Shani mwenyewe.

Na Shani hakuwa mbaya, msimdhanie. Alikuwa na utani tu, utani wa mtu anayekwenda vizuri. Siku moja wamekaa na wanawake wa mtaa, akautazama mkeka wa Mize, kili tano, akasema, "Mkeka wako mzuri, shoga. Unamtosha paka." Wanawake wakacheka. Mize akacheka pia, kisha akaenda nyuma ya choo akasimama huko peke yake kitambo.

Baada ya siku chache likapigwa tangazo, yule mzee wa tanuri amelirudisha. Atapewa mwenye mkeka mrefu, usiopungua kili kumi na mbili, siku arobaini kuanzia leo. Mize akajiangalia, tano. Akamwangalia Shani, kumi na tano. Akaingiwa na wazimu, hakuna jina jingine.

Akatoka asubuhi ile akazunguka kwa watu tisa. Kwa huyu anaomba kinu, kwa huyu jembe, kwa huyu ngazi, kwa huyu chungu cha kupikia karamu. Hakuvihitaji. Alitaka kuviazima ili avirudishe. Lakini kule mtu ukimwomba kitu, kabla hajakujibu anachoma tundu la sindano pembeni mwa mkeka wako, alama kwamba uliomba. Tundu moja halionekani, linajifumba baada ya mwaka. Alipofika kwa mtu wa nne, wa nne akayaona matundu matatu mabichi, akamuuliza ana dhiki gani. Wa sita hakumwacha hata akae. Wa tisa, mama mmoja mnene muuza chumvi, aliuinua mkeka ukaelekea jua, ukapitisha mwanga kama chekecheke, akamwambia, "Mwanangu, nenda kwanza ukale."

Alipata vitu viwili tu, ngazi na chungu cha karamu. Na sheria ya Ukilini inataka ulichoazima kionekane kinatumika, yupo mkaguzi anapita. Mize hakuwa na karamu wala hakuwa na paa la kupanda. Basi mkaguzi akipita anamkuta kasimamisha ngazi katikati ya uwanja, haikuegemea kitu, Bi Mwanakheri ameishikilia, na Mize anapanda mpaka juu, anatazama, anashuka. Mkaguzi anaandika: ngazi inatumika. Chungu alikipikia wali wa mtu mmoja, ukawa chini kule kama sarafu imeanguka kisimani.

Na katika hangaiko hilo la kupanda na kushuka, kitu kidogo kikasahaulika. Lile chekecheke la kila mwezi, la mwanamke jirani, lilikuwa lirudi Ijumaa. Mize alilikumbuka Jumamosi, liko msumarini linamtazama. Akalikimbiza. Yule jirani alikuwa mtu wake, wakipeana chumvi, na alilia wakati anaushona, lakini aliushona. Ukili mweusi.

Siku ya arobaini watu wakajaa sokoni. Bwana Faki Mpima akatandika mkeka wa Shani, ukatandikwa ukatandikwa, kili ishirini na mbili, nyeupe tupu. Shani akapewa tanuri. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuoka, swali hilo halimo kwenye sheria. Mize alikuwa amesimama nyuma, mkeka wake kakunja upande mweusi ukae ndani, na alipiga makofi kuliko wote ili kijiba chake kisionekane.

Jioni ile Shani akamwendea, akamwambia waoke pamoja, yeye aweke tanuri, Mize aweke mikono. Lilikuwa neno zuri. Mize akasema mgongo unamuuma.

Basi Shani akaoka peke yake. Mikate yake ya mofa ilitoka kama soli za viatu. Na Mize, nawaambia ukweli, kila siku alikwenda kununua mmoja. Pesa alikuwa hana, lakini ya huo mkate haikosekani. Anaununua, anakwenda nao mpaka kichochoroni, anaumega, anautafuna polepole, na kadiri ulivyokuwa mbaya ndivyo ulivyomshukia vizuri.

Kijicho hakijazi tumbo lakini. Siku moja akamwendea Bwana Faki, akamuuliza kama huu weusi unaweza kufichwa. Kulikuwa na watu sokoni wanaosema wanazo dawa za kung'arisha mkeka kwa siku tatu. Bwana Faki akasema anawajua, dawa yao ni chokaa, mvua ya kwanza inaosha, na chini mtu anakutwa na mweusi wake na deni la chokaa.

"Sasa nifanye nini?"

"Ushone mbele yake," Bwana Faki akasema. "Mimi nikisoma mkeka sianzii mwanzo. Naanzia mwisho."

Basi. Akarudi kwenye vitu vyake vidogo. Kitu kimoja, kikirudi ndipo kingine. Alikuwa na ruhusa ya vitu vitano na sita, hakuwahi kushika zaidi ya kimoja. Siku ya kurudisha akaihesabu kuwa ni ile inayotangulia, ili usingizi, mvua na mgeni visimkute. Alifunga fundo kwenye pembe ya kanga kwa kila kitu, akikirudisha analifungua. Mwaka ukapita hivyo, haukuwa na cha kusimulia, na ndiyo maana siusimulii. Kila asubuhi bado alikuwa anachungulia kambani. Ile hakuiacha.

Masika yakaingia. Mwaka ule yalikuwa na hasira, barabara zikawa mito. Vitu vya Shani vilikuwa vimefika ishirini na vinne, na vingi siku zake za kurudi ziliangukia wiki moja. Huwezi kusukuma mikokoteni miwili na kitanda kwenye matope, na huku kuna tanuri la kuliangalia. Kitanda kikachelewa. Vioo vikachelewa. Beberu, alimshinda njiani akarudi nyumbani mwenyewe. Zikaanza kuingia nyeusi, moja, tatu, saba. Na siku moja Shani, kwa haraka, akaosha tanuri kwa maji baridi likiwa bado la moto, sakafu yake ikapasuka ufa wa kuingia mkono.

Akaja kwa Mize. Mize alikuwa jikoni anachochea kuni mbichi. Shani alikuwa amelowa, na hakuwa na utani.

"Ndugu yangu, nina neno."

"Sema."

"Tushone mikeka yetu pamoja. Mpaka masika yaishe tu. Wakiona wako upande mmoja watanipa muda."

Mize alijua sheria hiyo. Ukiunganishwa, ukili mweusi wa mmoja unawaingia wote.

"Wangu si unamtosha paka?"

"Nilikutania, Mize."

"Ulinitania mbele ya watu. Leo unaniomba mbele ya jiko."

Shani akakamua kanga yake. Mvua inapiga bati. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Unanionea gere. Tangu siku ile ya pindo."

"Ndiyo," Mize akasema. "Nakuonea. Na mkeka wangu siuungi."

Sasa msije mkaniambia Mize alikuwa na busara. Mtu mwenye busara angekataa pia, angesema nitakuangalizia tanuri ukirudisha vitu lakini mkeka hapana. Mize hata tanuri hakuliangalia. Siku ile kijicho na busara vilikwenda njia moja, basi, vikaachana mbele.

Bi Mwanakheri alipoona weusi unapanda kuelekea kwenye pindo lake, akachukua mkasi, akamkata Shani, kili sita zikaanguka sakafuni. Siku ile ile, kwa huruma, yeye ndiye aliyemsuka Shani nywele, masikini, lakini alimkata. Tanuri likachukuliwa. Shani akabaki na mkeka uliokuwa sehemu kubwa giza, na vitu vyote vikaondoka chumbani kwake, akabaki na kile kioo kidogo chake mwenyewe.

Likapigwa tangazo la pili. Akaja bwana mmoja na mkeka wa kili kumi na tisa, nusu yake nyeusi, nyingine bado inanuka tope. Mize alikuwa na kumi na tatu. Bwana Faki akautandika, akaanzia mwisho kama alivyosema, nyeupe, nyeupe, nyeupe, zote saba, akafika kwenye ule mweusi, akautazama, akaendelea. Halafu akaita jina la Mize. Sheria ilisema mkeka mrefu, lakini siku hiyo baraza lilikubali, baada ya kubishana mpaka alasiri, kwamba urefu wa usiku hauhesabiki kuwa mchana.

Mize akaziba ufa kwa udongo wa kichuguu na majivu. Akawasha. Mkate wa kwanza ulipotoka watu walinyamaza sokoni. Mkinisadiki nisadikini, msiponisadiki basi, lakini kimya kile alikisikia mpaka kwenye vidole vya miguu. Na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtafuta Shani kwa macho, kama yupo, kama ameona.

Shani alikuwa hayupo. Alikuwa anazunguka kwa watu kuomba kinu. Alitaka kutwanga mtama wa watu, kazi ya ujira mdogo, lakini ya kuanzia. Hakuna aliyempa. Waliompa beberu bila kuombwa sasa walikuwa wanajifanya hawapo nyumbani. Siku ya tatu akafika kwenye tanuri, akasimama mlangoni. Hawakuwa wameongea tangu siku ya mvua.

"Una kinu," akasema.

"Ninacho."

Akatandika mkeka wake bila kuambiwa. Mize akausoma, ukili mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja, na zote alikuwa anazijua. Roho yake ilikuwa inaburudika kama iliyofukizwa ubani. Akachukua sindano, akachoma tundu.

"Alhamisi," akasema. "Kabla jua halijazama. Na utarudisha mwenyewe, hakuna mtu wa kukushika mkono."

Hiyo ni sheria, kitu kinachorudi hakisaidiwi. Kinu chenyewe kilikuwa cha gogo zima la mninga, na tanuri liko juu ya mteremko. Mize alikuwa analijua hilo wakati anasema Alhamisi. Jumatano akakaa chini akasuka ukili, akauchovya tope, akauanika. Hakujificha alipokuwa anasuka.

Alhamisi alasiri akakaa mlangoni, ukili mweusi mapajani. Akamwona Shani kule chini anatokeza, anakivingirisha kile kinu. Hatua mbili, anaegemeza jiwe, anapumua. Hatua mbili. Kinu kikamponyoka mara moja kikarudi mpaka chini kwa muuza chumvi, akakifuata. Watu wamesimama kando wanatazama, mikono nyuma. Mize alikuwa anaomba. Midomo yake haikusema, lakini alikuwa anaomba, achelewe, achelewe kidogo tu. Nyuma yake mikate ikaungua, mara ya kwanza tangu ajue kuoka, hakugeuka.

Shani akafika. Viganja vimechubuka, kanga imechanika. Akakisimamisha kinu mbele ya mlango, akasema, "Jua lipo?"

Alikuwa ameligeuzia mgongo, hana nguvu ya kugeuka. Wengine walikuwa bado chini ya mteremko. Aliyeweza kuliona alikuwa Mize peke yake, na mwenye kitu ndiye anayesema. Akatazama. Lilikuwa limebaki kama ukucha.

Akaupitisha ule ukili mweusi vidoleni mpaka Shani akaanza kukunja uso kama anayesubiri kofi.

"Lipo," Mize akasema. Neno lile lilitoka kama jino.

Kisha akawa hana la kufanya, maana ukili mweupe hakuwa nao. Hakuwa ameusuka. Alikaa hapo na ule mweusi mapajani, Shani akautazama, akamtazama yeye.

"Uliusuka huo lini?"

"Jana."

Shani akatingisha kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya kitu na kuona ndiyo bei yake. Akatandika mkeka wake, akakaa. Mize akaleta fungu la miyaa mibichi, akaanza kusuka upya toka mwanzo, na moshi wa mikate unawazunguka. Baada ya kitambo Shani akavuta lile fungu, akaanza kumchagulia, iliyonyooka upande huu, iliyochanika upande ule, anampa mmoja mmoja. Mize alisuka mpaka ukatosha, akatia uzi kwenye sindano, akaushona kwa mishono midogo midogo ya karibu, maana yeyote atakayeusoma mkeka ule atajua ni mkono wa nani.